Bomba Kwenye Chupa ya Jamu

Kama kuna mtu aliyewadharau watu wanaomwaga dawa ya unga kwenye sinki ili lizibuke, mtu huyo ni Koki. Alikuwa fundi bomba aliyeishika kazi hiyo kwa miaka thelathini na mmoja, mwenye tumbo la heshima na mdomo usio na breki. Kila alipoitwa kwenye nyumba yenye sinki lililogoma, kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua kabati la chini na kutafuta kopo la dawa. Akilipata, amepata sherehe. Alilinyanyua juu kama dalali mnadani, akayasoma maandishi yake kwa sauti ya mahubiri, "Huyeyusha kila uchafu, papo hapo!", kisha akamgeukia mwenye nyumba na kumuuliza kwa upole wa kuudhi kama sinki limezibuka. Halijazibuka, ndiyo maana ameitwa.

"Bomba halitibiwi kwa kumwagiwa mambo kutoka juu," alikuwa akisema huku anajikunja chini ya sinki. "Bomba linafunguliwa, linaangaliwa." Wenye nyumba walimchukia kwa hayo, na wakaendelea kumwita, kwa sababu akishika bomba linashikika.

Basi mtu huyohuyo, mwenye akili timamu na spana zake zote, ndiye aliyekuja kumeza vidonge kumi na vinne vya vitamini kwa siku ili azibue mishipa ya moyo wake. Ukimuuliza alifikaje huko atakuambia kwamba alifanya uchunguzi. Na kweli alifanya. Balaa lilianzia hapo.

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na majengo manane ya ghorofa, na humo Koki hakufanya kazi peke yake. Alikuwapo Rangi, fundi rangi, mtu mrefu na mkimya, mwenye madoa meupe kwenye nyusi ambayo sabuni ilishayakatia tamaa. Kazi zao zilifuatana kila siku ya Mungu. Koki alibomoa ukuta kulifuata bomba linalovuja, akalitengeneza. Rangi alikuja nyuma yake, akaziba, akasawazisha, akapaka. Wapangaji walisema mmoja anaharibu na mwenzake anaficha.

Kati yao kulikuwa na neno moja. Rangi hakuziba ukuta hata mmoja kabla Koki hajasema, "Nimeliona kwa macho yangu." Maana yake bomba liko sawa, maji yamepita, hakuna tone. Rangi hakuuliza swali la pili wala hakuchungulia kwenye tundu. Akilisikia neno hilo, alichovya mwiko wake kwenye ndoo na kuziba.

Mara moja tu katika miaka yote hiyo Koki alilisema bila kuangalia, siku aliyokuwa na haraka ya kwenda kwenye harusi ya mpwa wake. Alifika harusini, akaketi, akapewa sahani, na chakula kikakataa kushuka. Akatoka na suti yake na tai yake, akamkuta Rangi anapaka rangi mara ya pili, akasema, "Bwana, sikuliona." Rangi alimwangalia kuanzia viatu hadi tai, akacheka hadi akakaa juu ya ndoo, kisha akampa nyundo. Wakabomoa upya. Kweli, lilikuwa linavuja.

Mwaka huo kampuni iliamua kuwapima afya wafanyakazi waliovuka miaka hamsini na tano. Koki na Rangi wakaketi kwenye benchi moja hospitalini, vifua wazi, kila mmoja akijifanya haoni kitambi cha mwenzake. Koki alikuwa na siri ambayo hata mkewe hakuijua: tangu miezi kadhaa iliyopita, akipanda ngazi na sanduku la vifaa hadi ghorofa ya tatu, kifua kilimbana kana kwamba mtu amekikalia. Alikuwa akisimama na kujifanya anakagua mabomba ya ukutani.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye subira ya mtu aliyezoea kubishiwa. Alimwonyesha Koki picha ya mishipa yake.

"Hapa, mzee, mshipa umebana. Ndani kuna mafuta yaliyoganda, na pamoja na mafuta kuna chokaa."

Koki, ambaye hofu ilikuwa imemnyamazisha kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akazinduka. "Chokaa?"

"Ndiyo. Madini ya aina hiyo yanajijenga kwenye ukuta wa mshipa."

"Chokaa naijua mimi."

"Hii ni ya mwilini, mzee."

"Daktari, chokaa ni chokaa."

Daktari hakubishana. Aliandika dawa za aina mbili, moja ya kushusha mafuta na nyingine ya kuzuia damu isigande, zote za kila siku.

"Hizi zitausafisha?" Koki akauliza.

"Hazisafishi. Zinazuia mshipa usizidi kubana, na zinafanya uchafu uliopo utulie, usije ukapasuka na kuziba njia ghafla. Usiruke hata siku moja. Baada ya miezi minne tutapiga picha nyingine. Ikibidi tutaingiza kijibomba cha waya tuupanue."

Rangi alipewa dawa hizohizo na onyo hilohilo, ila kwake kulikuwa na nyongeza: mishipa miwili ya shingo, ile inayopandisha damu kichwani, nayo ilikuwa imebana. Aliitikia kwa kichwa mara moja, akachukua dawa zake, na kuanzia siku hiyo akawa anazimeza kila asubuhi kabla ya kugusa brashi. Rangi alikuwa mtu wa kufuata maelekezo ya kwenye kopo.

Koki alizimeza kwa wiki mbili, kwa manung'uniko. "Dawa isiyosafisha ni dawa ya nini?" alimuuliza mkewe. "Mimi nikimwambia mtu, bomba lako sikulizibua ila nimelituliza, atanielewa?"

"Kama ataendelea kuishi, atakuelewa," mkewe alimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kwa umri wote wa ndoa alikuwa amezungumza na mumewe hivyo, pini zikiwa mdomoni.

Hapo ndipo alipoingia shemeji, kaka mdogo wa mke wa Koki. Huyu alishauza magodoro ya kunyoosha mgongo, akauza bangili za sumaku za kuondoa uchovu, akauza birika la kufukuza vijidudu ambalo halikuchemsha maji. Sasa alikuwa na mkoba wa ngozi na alijiita mshauri wa afya. Nani aliyemshauri yeye awe mshauri, hilo halikuulizwa. Aliweka makopo mawili juu ya meza ya sebuleni, moja la vitamini C na moja la vitamini E, akayageuza ili picha ya moyo unaotabasamu imwelekee mgonjwa.

"Shemeji, hawa madaktari watakutuliza mpaka uzikwe umetulia. Hii C ni ya nguvu kubwa, si ya kuchezea. Inakula chokaa. Hii E inapita nyuma yake inang'arisha. Vidonge kumi vya C, vinne vya E, kila siku, mishipa inakuwa kama ya mtoto mchanga."

Koki alicheka, na lazima tumpe haki yake, alicheka vizuri. Alilinyanyua kopo kama alivyozoea, akalisoma kwa sauti ya mahubiri. "Husafisha, huimarisha, hurudisha ujana! Shemeji, hili ni lile la sinki, wamebadilisha picha tu."

"Basi usiniamini mimi," shemeji akasema, hakukasirika hata kidogo, maana wauzaji wa aina yake hawakasiriki. "Wewe si fundi? Jaribu mwenyewe. Una mabomba, una chokaa. Jaribu."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Kumwambia fundi wa miaka thelathini na mmoja ajaribu mwenyewe ni kumgusa penye mshipa wa fahari. Kesho yake Koki alichukua kipande cha bomba la zamani alilolitoa kwenye hita ya maji, ndani limeota chokaa hadi limebaki tundu la kupitisha penseli. Akalikata vipande viwili kwa msumeno wa chuma. Kimoja akakitia kwenye chupa ya jamu iliyooshwa, akamimina maji ya uvuguvugu, akadondoshea vidonge kumi vya vitamini C, akakaa mbele yake na miwani puani.

Vipovu vikaanza kupanda.

Kwa siku nne alibadilisha maji na kuongeza vidonge. Siku ya tano alikitoa kile kipande, akakisugua kidogo kwa kidole, akakiinua dirishani. Ndani kulikuwa kweupe. Bomba lilikuwa limerudi bomba, chuma kinang'aa, tundu la kupitisha kidole gumba. Koki alipiga ukelele ambao ulimfanya mkewe ashone mkono wa shati kwenye shingo.

"Njoo uone! Imeisha yote!"

Mkewe alikuja, akaangalia. Kisha alichukua kile kipande cha pili, akakitia kwenye chupa nyingine na kukikamulia malimau sita. Baada ya siku kadhaa nacho kilikuwa kinang'aa.

"Basi kamua malimau, mshauri wa afya akapumzike," alisema. "Na tena, baba, wewe bomba lako umelilaza humo siku tano. Moyo wako utaulaza kwenye chupa gani?"

"Vitamini inaingia kwenye damu."

"Na mafuta? Daktari alisema mafuta na chokaa." Akaenda jikoni, akarudi na kipande cha nyama chenye mafuta pembeni, akakitia kwenye chupa ya tatu na vidonge kumi. Kwa wiki nzima chupa tatu zilikaa dirishani zimepangana. Ile ya tatu ilinuka hadi majirani wakauliza, na mafuta yalikuwa palepale, meupe, hayana habari na vitamini ya mtu.

"Hiyo ni nyama iliyokufa," Koki akatangaza. "Haina mzunguko." Akaitupa, akabaki na ushahidi unaomfaa. Zile dawa za hospitali akazitia kwenye droo ya chini ya sanduku la vifaa, pamoja na vipira vya koki vilivyokwisha kazi.

Sasa tusimwonee. Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kudanganyika vile. Mwalimu angeuliza, mshonaji aliuliza. Ilihitaji mtu aliyeishi na chokaa ya mabomba kila siku, anayeijua kwa harufu na kwa ladha, ili aangalie picha ya moyo wake mwenyewe na kuona pale mabomba ya jengo namba tano.

Wiki ya kwanza tumbo lilimwendesha vibaya. Alishinda chooni, akitoka anarudi, suruali haijafungwa vizuri. Akampigia shemeji simu akiwa humohumo.

"Safi kabisa!" shemeji akasema. "Ndiyo chokaa hiyo inatoka."

Koki aliangalia chini kwa heshima mpya. Mtu ambaye kazi yake ni mabomba ya vyoo alisahau kwamba bomba linalotoka tumboni halianzii moyoni. Alivumilia, tumbo likazoea, na akaanza hata kujisikia mwepesi kwenye ngazi. Alikuwa sasa anapanda taratibu zaidi, na sanduku lake anamwachia mlinzi awe anamletea kwa lifti ya mizigo, lakini hayo hakuyahesabu.

Siku moja walikuwa jengo namba tano, ghorofa ya pili, ukuta wa jikoni umebomolewa. Koki alimaliza kukaza kiungio, akafuta mikono, na badala ya kusema neno lao, akatoa mfukoni kitambaa na kukifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha bomba.

"Hiki kilitoka kwenye hita ya ghorofa ya nne. Unakumbuka kilivyokuwa?"

Rangi alikumbuka. Alikipokea, akakigeuza, akachungulia ndani na kuuona mwanga upande wa pili.

"Umekifanya nini?"

Koki akamweleza. Akamweleza chokaa, akamweleza vipovu, akamweleza vidonge kumi na vinne, akaeleza kwa mikono yote miwili. Nyama hakuitaja. Rangi alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Na zile za daktari?"

"Zile zinatuliza tu. Alisema mwenyewe. Wewe ukuta wenye ukungu unautuliza, au unaukwangua?"

Rangi alifikiri. Alikuwa mtu asiyependa kuamua haraka. "Koki," akasema, "umeliona?"

Na Koki akajibu, bila kusita hata kidogo, "Nimeliona kwa macho yangu."

Rangi akachovya mwiko kwenye ndoo, akaziba ukuta. Kesho yake aliomba namba ya shemeji. Koki, kwa ukarimu wa mtu aliyeongoka, alimpelekea zawadi nyumbani: kile kipande cha pili, kilichosafishwa na malimau, ndani ya chupa ya jamu. Malimau nayo hakuyataja.

Miezi minne ikafika na kupita, na hakuna kati yao aliyekwenda kwa daktari. Mtu aliyejisafisha mwenyewe anakwenda kuonyesha nini? Shemeji alikuwa na mkoba mpya.

Kisha Jumatatu moja, saa nne asubuhi, Koki akiwa chini ya sinki la mpangaji wa kike aliyemheshimu sana, alipigwa ubavuni na kitu. Alidhani ameangukiwa na jengo. Maumivu yalitoka mgongoni, yakazunguka kiuno, yakashuka mahali ambapo mwanamume hapendi kushikwa bila taarifa. Alitoka chini ya sinki kwa magoti, akatambaa hadi katikati ya jikoni, na hapo akalia kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa hata kwenye msiba wa mama yake. Mpangaji akaita gari la wagonjwa.

Ilikuwa jiwe la figo. Lilichukua siku mbili kushuka, na kila hatua ya safari yake Koki aliitangaza kwa wodi nzima. Lilipotoka, muuguzi alilipeleka kupimwa, likarudi kwenye kichupa kidogo chenye mfuniko. Jumatano asubuhi alikuja daktari wa moyo, aliyekuwa ameitwa tangu jana yake na kuamuru picha, kwa sababu jina la mgonjwa lilikuwa kwenye orodha yake ya watoro. Mkewe alikuwa ameketi kando ya kitanda na pochi yake magotini.

"Mzee, unakunywa vitamini C kiasi gani kwa siku?"

"Kumi tu."

"Kumi za gramu moja moja?"

"Na nne za E. Za kung'arisha."

Daktari alivuta pumzi. "Mwili hauwezi kutumia gramu kumi. Unachukua kidogo unachohitaji, kinachobaki unakitupa kupitia figo, na sehemu yake inageuka asidi inayoungana na madini na kuganda. Kwa wengine inatengeneza mawe. Kama hili."

Koki alikichukua kichupa, akakiinua dirishani kwa mazoea. Kijiwe kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, kikavu, cha kahawia iliyopauka, na mikwaruzo midogo midogo. Alikijua. Alikuwa amekikwangua kwenye mabomba ya watu maisha yake yote.

"Hii ni chokaa," alisema polepole.

"Kwa sehemu kubwa, ni jamaa yake."

"Nimeitengeneza mwenyewe."

"Umeitengeneza mwenyewe, mzee. Na mshipa wa moyo, kwa picha ya jana, umebana kuliko mwanzo."

"Lakini bomba lilisafika, daktari. Nimeliona!"

"Ndani ya chupa litasafika. Ile ni asidi, hata limau lingefanya kazi hiyo." Mkewe Koki aliangalia dari kwa adabu kubwa. "Tumboni mwako kuna asidi kali kuliko hiyo tangu uzaliwe, na haijawahi kufika moyoni. Vidonge hivi vya nguvu vimechunguzwa miaka mingi, kwa maelfu ya watu wenye mishipa kama yako. Hawakupata nafuu zaidi ya wale waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Rudi kwenye dawa zako leo hii. Wiki ijayo tunaingiza kile kijibomba."

Koki alimeza dawa zake palepale, mbele ya wanawake wawili, kama mtoto. Mchana akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Ndani ya teksi mkewe aliuliza swali moja tu. "Rangi umemwambia?"

"Nitamwambia."

Alhamisi alishika simu, akaiweka. Ilikuwa aibu, tuseme wazi, aibu ya kawaida kabisa, ile ya mtu aliyewacheka wenye sinki miaka thelathini na mmoja. Aliwazia Rangi atakavyokaa juu ya ndoo na kucheka, kisha atakavyowasimulia walinzi, na walinzi watakavyowasimulia wapangaji. Ijumaa Rangi alipiga mwenyewe.

"Pole, ndugu yangu. Nasikia jiwe."

"Jiwe tu. Limetoka."

"Afadhali. Mimi naendelea na zetu. Jana kichwa kilikuwa kizito kidogo, nikaongeza viwili."

Koki alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, mepesi, mawili tu, alishawahi kuyasema akiwa na suti. "Vizuri," akasema. "Tutaongea nikirudi kazini."

Jumamosi mkewe alizima cherehani, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wageni. "Wewe ulitoka harusini kwa ajili ya ukuta," alimwambia. "Ukuta!"

"Jumatatu. Uso kwa uso. Si jambo la simu."

"Nyumba yake si mbali, na leo si Jumatatu."

"Mama, nimesema Jumatatu!"

Jumapili alivaa viatu mara mbili na kuvivua mara mbili.

Jumatatu alifika jengo namba tano mapema, maneno yake ameyapanga, na hata mzaha wa kuanzia alikuwa nao. Kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza alikuta ngazi ya mbao ya Rangi imesimama wima. Ukuta ulikuwa umepakwa hadi nusu, laini, kama kawaida yake, na kutoka pale ulipoishia kulikuwa na mstari mmoja wa rangi uliopinda na kuteremka hadi sakafuni. Rangi hakuwahi kuchuruzisha rangi. Mlinzi alimweleza: alimkuta mzee ameketi juu ya ndoo, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, na brashi bado iko kwenye vidole. Wamemchukua nusu saa iliyopita.

Ilikuwa siku ya tatu ndipo waliporuhusu watu kumwona. Daktari alimwambia Koki kwenye korido, bila ukali, na huo upole ndio uliomuumiza. Hakuna anayeweza kusema makopo yale ndiyo yaliyomwangusha, alisema. Kinachojulikana ni dawa alizoacha, na kazi ambayo dawa hizo zingefanya. Mkono wa kulia huenda ukarudi kidogo. Wa kupaka rangi, hapana.

Binti yake Rangi alimpokea Koki mlangoni pa wodi, macho yamevimba.

"Baba mdogo, afadhali umekuja. Dawa za hospitali anazitema. Anataka zile zenu."

Rangi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, nyusi zake zina madoa yaleyale. Kando ya kitanda, juu ya kabati dogo, lilikuwapo kopo lenye moyo unaotabasamu, na pembeni yake chupa ya jamu yenye kipande cha bomba kinachong'aa. Ni yeye aliyeng'ang'ania viletwe kutoka nyumbani. Alipomwona Koki, upande mmoja wa uso wake ulifurahi. Kwa mkono wa kushoto alilisukuma kopo, taratibu, hadi likafika ukingoni.

"Ni-fungu-lie," akasema.

Mfuniko wa kopo lile ulihitaji mikono miwili.

Koki alilishika kopo, lakini hakulifungua. Aliliweka sakafuni, akaivuta stuli, akakaa. Mzaha wake wote ulikuwa umemkimbia.

"Bwana," akasema, "sikuliona."

Rangi alimwangalia. Aliigeukia chupa ya jamu, akaiangalia nayo, akarudi kwa Koki. Ilikuwa wazi kwamba anasubiri, kwamba anadhani hakusikia vizuri.

"Niliona bomba," Koki akasema. "Bomba tu, ndugu yangu. Na hilo lako lilisafishwa na malimau ya mke wangu. Vidonge vile havifanyi kitu. Meza hizi za hospitali. Mimi nazimeza."

Muuguzi alisukuma toroli kwenye korido, likaenda hadi mwisho, likarudi.

"Tangu... lini?" Rangi akauliza.

Angeweza kusema tangu leo. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa mkewe na yule daktari.

"Tangu Jumatano. Ile Jumatano niliyotoka hospitali."

Rangi aliuinua mkono wake wa kushoto juu ya shuka na kuanza kunyoosha vidole, kimoja kimoja, bila haraka, kama alivyofanya mambo yake yote. Hakutaja kitu, lakini Koki alizijua zile siku kwa majina yake: Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili. Kilibaki kidole gumba, na hicho Rangi alikiangalia kidogo. Kisha akaufungua mkono wote, akaugeuza, na kumnyooshea binti yake ili apewe dawa.